Upande wa Mtakatifu Yosefu

Ilikuwa mwaka 1996, mwezi wa Julai, katikati ya kipupwe, msimu ambao upepo wa vilima vya Dowa huingia katika nyumba za Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, bila kubisha hodi, kama mkaguzi. Kwaya ya kanisa la kambi ilikuwa ikijiandaa kwenda Lilongwe kuimba katika misa ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, tarehe kumi na tano Agosti. Kwa hiyo wakimbizi wa pale, ambao walikuwa wamekwisha kukimbia mambo mengi, walibakiwa na matatu tu ya kuogopa: baridi, upungufu wa maharage, na Mwalimu Capitoline.

Mwalimu Capitoline alikuwa amevuka miaka sabini, na aliivuka wima. Kwao Rumonge, Burundi, alifundisha shule ya msingi kwa muda mrefu kiasi kwamba hata watu ambao hakuwafundisha walijisahihisha wenyewe walipomwona akipita. Masista wa Kigoma waliomlea walimwachia urithi wa mambo mawili: Kiswahili kilichopigwa pasi, na desturi ya kuipa kwaya mgongo.

Desturi hiyo inahitaji maelezo, kwa kuwa watu wa siku hizi wamezoea viongozi wa kwaya wanaowatazama waimbaji na hata kuwachekea. Capitoline aliuona huo kuwa udhaifu. "Macho hula rushwa," alipenda kusema. "Mtu mwenye sura ya unyenyekevu husamehewa makosa ya koo." Basi yeye aliwageuzia waimbaji kisogo, akasikiliza, na sauti moja ilipopotea njia, aliinyosha fimbo yake ya mwanzi nyuma juu ya bega, bila kutazama, na ncha ya fimbo ikasimama mbele ya pua ya mkosaji. Huko Rumonge watu walitoka parokia za mbali kuja kumtazama akifanya hivyo, kama wengine wanavyokwenda kutazama maporomoko ya maji.

Katika kanisa la Dzaleka, lililojengwa kwa matofali mabichi na kuezekwa nusu kwa mabati na nusu kwa turubai, kulikuwa na picha mbili. Capitoline alipoipa kwaya mgongo, Mtakatifu Yosefu alikuwa kwenye ukuta wa kulia kwake, na Bikira Maria kwenye ukuta wa kushoto. Waimbaji waliokaa chini ya picha hizo waliitwa upande wa Yosefu na upande wa Maria.

Tangu Pasaka lilikuwa limetokea jambo la kustaajabisha: dhambi zote za kwaya zilihamia upande wa Yosefu. Alianza Nahimana, ambaye fimbo ilimkuta Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka. Akafuata Zihindula, fundi cherehani wa Uvira, mtu mwenye sikio zuri kiasi cha kuitambua cherehani ya mteja kwa mlio. Wote wawili walifukuzwa. Capitoline alihuzunika kwamba Yosefu, mtu mwenye haki, alikuwa amezungukwa na watu wa namna ile, lakini haki haichagui jirani.

Jumamosi moja ya Julai walikuwa katika mazoezi. Ubeti wa pili ulikuwa ukipanda vizuri wakati sauti moja ilipoteleza, ikagaagaa, kisha ikajaribu kusimama kana kwamba hakuna aliyeiona. Fimbo ikanyoshwa nyuma, kulia, bila kusita. Capitoline akageuka kutazama amemkamata nani. Alikuwa Gertrude, mjane wa Fizi, mama wa makamo, ambaye alikuwa ameufungua mdomo kwa ajili ya neno "salamu" na sasa hakujua aufunge vipi.

"Mama mwalimu, si mi njo nilikosea," alisema Gertrude.

"Si mimi niliyekosea," alisahihisha Capitoline. "Sasa umekosea mara mbili. Kitambaa."

Kila mwimbaji alikuwa na kitambaa cheupe. Wanawake walikifunga kichwani, wanaume shingoni. Aliyefukuzwa alikirudisha mikononi mwa mwalimu mbele ya wote. Gertrude alikifungua chake polepole.

"Mama mwalimu, nikusemeshe kidogo. Binti yangu Spès iko Chinsapo, kule Lilongwe, na tumbo ya miezi nane. Ni uzazi wa kwanza. Bila kwaya, hapa hawanipi ruhusa ya kutoka mpaka Lilongwe."

"Bikira Maria alijifungua mbali na kwao, na hatusomi popote kwamba mama yake alikuwepo," alijibu Capitoline. "Kitambaa."

Upande wa Maria, mzee Melchior alikohoa. Melchior alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Capitoline, na sauti yake nzito ilikuwa nguzo ya kwaya tangu kwaya ilipozaliwa. Aliufungua mdomo, akautafakari, akaufunga. Wengine waliitazama miguu yao kwa bidii kubwa, kama watu wanaoiona kwa mara ya kwanza. Gertrude akatoka akiwa kichwa wazi, na upepo wa Dowa ukampokea mlangoni.

Wiki iliyofuata Carmen alikuja kutoka Lilongwe. Huyu alikuwa binti wa Melchior, mwenye miaka ishirini na minane, mfanyakazi wa shirika moja mjini, mkaazi wa mtaa wa Area 18, na ndiye aliyeahidi kuitafutia kwaya lori la kwendea misani. Kwa sababu hiyo Capitoline alikuwa tayari kumvumilia, lakini si kwa kiwango alicholazimika kukifikia Jumapili ile. Msichana aliingia kanisani na kisanduku cheusi mkandani, chenye ukubwa wa kipande cha sabuni. Kisandukuni ulitoka waya uliopanda mgongoni na kuishia nyuma ya sikio lake la kulia. Padri alihubiri, na Carmen akasikiliza redio. Tena akasikiliza kwa uso wa mtu mcha Mungu.

Nje ya kanisa vijana walikuwa wamekwisha kumzunguka. "Dada Carmen, taarifa ya habari inasema nini? Kule nyumbani wametulia?"

"Zima chombo hicho," alisema Capitoline, akipenya katikati yao. "Baba yako hakukusomesha Ubelgiji ili urudi kusikiliza kandanda padri akihubiri."

"Mama mkubwa, nikikizima sitasikia unavyonigombeza," alisema Carmen. "Itakuwa hasara."

Akamweleza. Alipokuwa akisomea uuguzi Ubelgiji, homa ya uti wa mgongo ilimnyang'anya masikio yote mawili kwa juma moja. Madaktari wa huko walimpasua nyuma ya sikio la kulia wakamtia uzi mwembamba wa umeme ndani kabisa, mahali sauti zinapozaliwa. Kisanduku huzikusanya sauti, uzi huzipeleka. Sikio la kushoto waliliacha lilivyo, kwa maana kifaa kimoja kilikuwa na bei ya nyumba.

"Kwa hiyo unasikia kwa betri," alisema Capitoline.

"Kwa betri, Mama mkubwa. Leo zimekwisha katikati ya mahubiri, na nimeendelea kuitikia kwa kichwa."

"Hilo wengi hulifanya bila betri," alikiri Capitoline. "Basi umesikiaje nyimbo zetu?"

Carmen alisita, kwa adabu. "Nyimbo njo taabu. Maneno ninayapata. Muziki wenyewe kwangu ni kama mabati yanayoburutwa."

Capitoline alimhurumia kwa dhati, kama tajiri anavyomhurumia fukara, yaani kwa raha fulani. Alikubali mwaliko wa kwenda naye Lilongwe Jumatatu kulikagua kanisa la Area 18 ambamo wangeimba, ili apime mwangwi wake kwa masikio yasiyohitaji duka la betri.

Walilikagua. Mwangwi ulipatikana na hatia ya kuchelewa. Kisha Carmen akasema anapitia Chinsapo kidogo, kwa kuwa alikuwa na mzigo wa mtu, na mzigo wenyewe ndio ule uliokuwa umekaa mapajani mwa Capitoline tangu Dzaleka, umefungwa kwa kipande cha kitenge. Capitoline hakuuliza ni wa nani. Kuuliza habari za mizigo ya watu ni tabia ya wasiosoma.

Kando ya soko la Chinsapo, wauza mandasi, maandazi ya huko, walikuwa wamejipanga mbele ya maduka, na lori la mahindi lilikuwa likirudi nyuma kutoka uchochoroni, likipiga honi mfululizo. Capitoline aliisikia honi vizuri sana. Carmen pia. Wote wawili, kwa pamoja, kama watawa walioitwa na kengele, waligeuza vichwa kulia, wakaiona njia nyeupe, tupu, isiyo na hata mbuzi, wakaridhika, wakaendelea kutembea. Lori lilikuwa kushoto.

"Agogo! Kumanzere!" alipiga kelele muuza mandasi mmoja wa Kimalawi, akionyesha kushoto, na Capitoline, ambaye alijua kwamba agogo ni bibi lakini alikuwa hajawahi kukubali kwamba ni yeye, alikuwa bado anatafuta sauti hiyo imetoka wapi wakati mkono ulipomkamata begani na kumvuta kwa nguvu. Alianguka juu ya tumbo kubwa, gumu kama mtungi. Gurudumu lilipita mahali ambapo mguu wake ulikuwa.

"Mama mwalimu," ilisema sauti ya mwenye tumbo, ikihema. "Ulikuwa unatazama nini huko?"

Alikuwa Spès.

Capitoline alipangusa vumbi. Akasema kwamba kosa lilikuwa la Waingereza, waliowafundisha watu wa nchi hii kuendesha magari upande usio wake, na kwamba kwao Burundi mtu hutazama mahali pa kutazama. Spès alikubali, kwa kuwa alilelewa vizuri. Akawaketisha kwenye benchi mbele ya chumba chake, akawapa chai, akaufungua ule mzigo wa kitenge. Mlikuwa na vishati vitatu vya mtoto, vilivyoshonwa kwa mkono, na soksi za uzi wa rangi mbili, kwa kuwa wa rangi moja haukutosha.

"Ni kazi ya mama," alisema Spès, akiipima soksi kwenye kidole gumba. "Sasa Mama mwalimu, mama atapanda gari pamoja nanyi, si ndiyo? Bwana wangu iko safarini Mzuzu. Mi naogopa kuzaa peke yangu na majirani."

Capitoline aliichukua soksi ya pili, akaikunja mara mbili. Kisha akasema, "Mama yako anajiandaa," ikiwa sentensi fupi, sahihi kisarufi, na ya uongo.

Spès alipoingia ndani kuongeza sukari, Carmen aliuelekeza uso wake wote kwa mama yake mkubwa, kama alivyozoea kumtazama mtu ili asome midomo.

"Kwangu mimi si ajabu, lori lile," alisema. "Masikio mawili ni mashahidi wawili, Mama mkubwa. Sauti ikitoka kushoto, sikio la kushoto huipata mapema kidogo na kwa nguvu. La kulia huipata imechelewa, tena imepunguzwa na kichwa. Ubongo hulinganisha ushahidi, unatoa hukumu: ni kule. Mimi nina shahidi mmoja. Yeye husema tu, 'nimesikia.' Kwa hiyo kwangu dunia nzima iko kulia. Mimi nina sababu. Wewe?"

"Waingereza. Nimekwisha kusema."

"Umri haubishi hodi kwa kishindo. Kwanza huchukua sauti nyembamba, ndege na panzi. Halafu mashahidi wenyewe huanza kuchelewa, na mmoja husinzia kuliko mwenzake. Maneno unayapata bado. Linalopotea ni mahali."

"Sikio langu la kushoto halisinzii," alisema Capitoline. "Linapumzika."

"Sawa. Nikuulize jambo moja, kisha nitanyamaza. Wale watatu uliowatoa kwenye kwaya, walikaa upande gani?"

Chai ilikuwa ya moto, na Capitoline alihitaji muda mrefu sana kuipuliza.

Katika majuma yaliyofuata hakumtaja Carmen wala Waingereza. Mtu angeweza kudhani amesahau. Lakini jirani zake walimwona mara kadhaa ameketi uani amefumba macho, huku jogoo wa nyumba ya pili akiwika, na mwalimu akielekeza kidole, akifumbua macho, kisha akimtazama jogoo kwa chuki ambayo ndege yule hakuistahili.

Tarehe kumi na nne Agosti, mchana, saa chache kabla ya safari, kwaya ilikutana kwa zoezi la mwisho. Capitoline aliamuru wote wahamie upande wa Maria, wakabanana kama kuni. Alieleza kwamba jua la dirishani lingewaumiza macho. Jua lilikuwa upande wa Maria, lakini hakuna aliyelitaja. Moyoni alikuwa amekata shauri: kosa likitokea, nalo likisikika kushoto, Carmen atakuwa mtoto aliyesoma sana akakosea, na mambo yatakwisha hapo.

Akawapa mgongo. Wakaimba. Katika ubeti wa pili sauti ileile iliteleza, ikagaagaa, ikajaribu kusimama. Aliisikia wazi. Hakuwa na shaka hata chembe. Ilimjia kwa uhakika wa miaka hamsini ya kazi. Akainyosha fimbo juu ya bega, akageuka.

Ncha ya fimbo ilikuwa imesimama mbele ya pua ya Mtakatifu Yosefu.

Yosefu, ambaye katika Injili zote nne hakutamka hata neno moja, alikuwa ameshitakiwa kwa kuharibu ubeti wa pili. Aliupokea uamuzi kwa upole wake wa kawaida, msumeno mkononi. Upande wa pili wa kanisa, waimbaji wote walikuwa wameacha kuimba, na kijana mmoja mpiga ngoma, Cishahayo, alikuwa ameuficha uso ndani ya ngoma yake.

Capitoline aliishusha fimbo. "Nani aliyekosea?"

Walitazama miguu.

"Nimeuliza kwa Kiswahili."

"Shemeji, ni mimi," alisema Melchior, akisimama. "Ni mimi tangu Pasaka. Koo limezeeka. Nikifika pale juu, njia siioni."

"Nanyi mlijua?"

Aliyejibu alikuwa katekista Sylvain, kwa kuwa ndiye pekee aliyelipwa kwa kujibu. "Tulijua, Mama mwalimu. Lakini mzee Melchior ni mkubwa wetu, na ni shemeji yako. Mtu angeanzia wapi kumtaja?"

"Kwa hiyo mkaona ni adabu zaidi nifukuze watu watatu wasio na hatia."

"Tulidhani utachoka," alisema Sylvain.

Capitoline aliketi kwenye benchi tupu la upande wa Yosefu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya wakati wa mazoezi. Melchior akavua kitambaa shingoni akamletea kwa mikono miwili.

"Kirudishe shingoni," alimwambia. "Ukifika pale juu, fungua mdomo bila sauti, uonekane unaimba. Wakubwa wengi hufanya kazi zao hivyo."

Baada ya zoezi alivitoa vile vitambaa vitatu sandukuni mwake, akavifua upya ingawa vilikuwa safi, akavipiga pasi ya mkaa. Nahimana alikipokea chake kwa shukrani lakini hakurudi. Alikuwa amehamia kwa Wapentekoste, ambako hakuna anayeipa kwaya mgongo kwa sababu hakuna anayesimama mahali pamoja. Zihindula alisema, "Aksanti, Mama mwalimu, nilikuwa nakitafuta," akapangusia nacho mafuta ya cherehani, mbele yake, bila haraka. Capitoline alisimama akatazama hadi mwisho. Ilikuwa haki yake fundi, naye hakumsahihisha.

Kikabaki kimoja.

Lori lilipofika, Carmen aliruka kutoka kiti cha mbele kabla halijasimama sawasawa. Spès alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, alisema, na anaita mama yake tu. Watu wakatazamana. Ruhusa ya kambi ilitaja idadi ya wasafiri, na nafasi ya Gertrude alikuwa amepewa Cishahayo.

"Mshushe Cishahayo, Mama mwalimu," alishauri Sylvain. "Yeye hata maneno ya wimbo hayajui."

Hilo lilikuwa kweli, na fimbo ilikuwa karibu. Lakini Capitoline alikuwa amewafundisha watoto wa vijiji vitatu kwamba aliyeazima ndiye anayerudisha, wala harudishi kwa mali ya jirani; na Cishahayo hakuwa na deni lolote kwa mtu, isipokuwa kwa muziki.

"Nani atatuongoza huko, ukibaki?" aliuliza Melchior, aliyemfahamu.

"Sylvain. Na asimame akiwatazama. Ikibidi, awachekee."

Gertrude alikuwa ameitwa, na alikuwa anakuja mbio kutoka nyumba za nyuma, kichwa wazi, khanga ikimpepea, bila kujua bado kama anaitiwa heri au msiba. Dereva, aliyekuwa amekwenda kuligeuza lori nyuma ya kanisa, alipiga honi kuharakisha watu. Capitoline aliisikia honi ikitokea kulia, kama kila kitu kilivyotokea siku hizo. Safari hii hakuisadiki. Alifanya kama alivyomwona Carmen akifanya: alizitazama nyuso za watu, akaona zote zimegeukia kushoto, akaenda kushoto, na lori lilikuwapo.

Alimngoja Gertrude kando ya mlango wa mbele. Alimfunga kitambaa kichwani kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya kwaya yote, fundo nyuma, kama masista walivyofundisha.

"Gertrude, hukuwa wewe," alisema kwa sauti iliyofika hadi nyuma ya lori. "Nilikutia hatiani kwa sikio ambalo halipo. Mwanao alinivuta kutoka chini ya gurudumu wakati mimi nilikuwa nimekunyima njia ya kumfikia, nami nikanywa chai yake nikamdanganya. Hicho ni kitambaa chako. Hiki ni kiti changu, kando ya dereva. Sasa ni chako."

"Mama mwalimu, na we?"

"Na wewe," alisahihisha Capitoline, kwa mazoea, akamsukuma juu ya ngazi ya lori, akaufunga mlango, akaujaribu kwa mkono kuhakikisha umeshika.